Chupa Sita, Watu Wanane: Jinsi ya Kuandaa Kikao cha Kuonja Mvinyo Nyumbani

Ulimi husahau haraka, lakini hulinganisha vizuri. Ndiyo maana chupa sita zilizofunguliwa jioni moja hufundisha mambo ambayo chupa hizohizo zikinywewa wiki sita tofauti hazifundishi. Sharti ni moja tu: tofauti mtakayoikuta kwenye glasi itoke kwenye mvinyo wenyewe. Isitoke kwenye joto la chumba, wala kwenye sabuni iliyobaki ndani ya glasi, marashi ya aliyekaa pembeni, au bei iliyoonekana dukani. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa ipo kwa ajili ya sharti hilo.

Mada kwanza, manunuzi baadaye

Kila mtu akija na chupa aipendayo, mtapata karamu nzuri, ila hamtajua mnalinganisha nini na nini. Kubalianeni mada moja kwenye kundi la WhatsApp angalau wiki moja kabla. Mada nyepesi kwa wanaoanza ni jozi: zabibu ya aina moja kutoka sehemu mbili. Kwa walioko Tanzania, jozi zenye faida kuliko zote ni za Dodoma na Afrika Kusini, maana chupa za kote kuwili zinapatikana madukani na umri wake mara nyingi haupishani sana.

Jozi ya kwanza, Chenin Blanc ya Dodoma na ya Stellenbosch, Afrika Kusini. Zabibu hii nyeupe asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, na leo hakuna nchi inayoilima kwa wingi kuliko Afrika Kusini. Jozi ya pili, zabibu nyekundu ya Dodoma iitwayo Makutupora, jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu kaskazini mwa jiji, dhidi ya Pinotage, ambayo Abraham Perold aliizalisha Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Hapa hamlinganishi aina moja. Mnaweka pamoja zabibu mbili ambazo kila moja ina kwao. Jozi ya tatu, Syrah ya Dodoma na ya Afrika Kusini. Lebo ya Afrika Kusini ikisema Shiraz msihangaike, ni zabibu ileile.

Mkiwa mezani kumbukeni pia kwamba Dodoma hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima huupogoa mara mbili kwa mwaka na kuvuna mara mbili, takriban Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Stellenbosch huvuna mara moja. Mzabibu unaofanya kazi mwaka mzima juani na ule unaolala miezi kadhaa haviwezi kutoa tunda la namna moja, na hilo ndilo mtakalolitafuta kwenye glasi.

Wekeni kiwango cha bei, kwa mfano chupa isizidi shilingi 40,000. Bila kiwango, mmoja ataleta chupa ya laki mbili na mwingine ya elfu kumi na tano, na mazungumzo yatageuka kuwa ya pesa. Gawaneni majukumu: watu sita chupa mojamoja, wa saba barafu na maji, wa nane chakula. Chupa yenye kizibo cha gome la mti ikiwezekana iwe na pacha wake wa akiba, kwa sababu itakayotajwa mbele. Akiba isipofunguliwa itasubiri kikao kijacho.

Dukani, acheni chupa iliyosimama dirishani juani, hata ikiwa na punguzo. Kagueni shingo: kizibo kilichochomoza juu ya mdomo wa chupa, au mchirizi mkavu unaonata chini ya karatasi ya shingoni, ni dalili kwamba mvinyo ulipata joto kali, ukatanuka na kusukuma kizibo. Kwenye miji ya pwani kasoro hii si ngeni.

Hesabu ya kumimina

Chupa ina mililita 750. Kipimo cha kuonja ni mililita 50 kwa mtu, kwa hiyo watu wanane hutumia 400 na chupa inabaki na 350 kwa ajili ya chakula. Chupa moja inaweza kufikisha watu kumi na wawili, lakini hapo inabaki mililita 150 tu, na mtu akitaka kurudia kuonja hakuna kitu. Wanane ndiyo idadi nzuri. Wakizidi kumi, mazungumzo nayo hugawanyika kuwa mawili.

Usikisie 50 kwa jicho. Pima mililita 50 za maji kwa kikombe cha dawa ya kikohozi chenye mistari, mimina kwenye glasi moja, bandika kipande cha gundi ya karatasi usawa wa maji, kisha tumia glasi hiyo kama kielelezo pembeni. Mkono wa mwenyeji mkarimu humimina 90 bila kujua, na chupa huisha kabla ya mtu wa tisa.

Hesabu nyingine ni ya kileo. Mtu akimeza vipimo vyote sita amekunywa mililita 300, na kwa mvinyo wa asilimia 13 hizo ni gramu 31 hivi za kileo halisi, kabla hata chakula hakijaja. Ndiyo sababu ya vikombe vya kutemea. Kila mtu apewe kikombe chake cha karatasi kisichoonyesha ndani, na ndoo ndogo yenye kifuniko iwepo karibu. Wageni wengi huona haya kutema mbele ya watu. Mwenyeji atangulie kutema kwenye glasi ya kwanza, na haya itaisha. Anayeendesha gari ateme zote.

Joto, adui mkubwa wa kikao chetu

Vitabu vingi husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba kinachosemwa humo ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar es Salaam au Mombasa ina nyuzi 28 hadi 31. Kwa joto hilo kileo hupanda puani kabla ya harufu nyingine, matunda hunuka kama jamu iliyopikwa, na chupa nzuri huonekana nzito na ya kuchosha. Kinyume chake, mvinyo mweupe wa nyuzi 4, uliotolewa kwenye friji moja kwa moja, karibu hauna harufu na kinachosikika ni uchachu peke yake.

Lengeni nyuzi hizi: mweupe mwepesi 8 hadi 10, mweupe mzito uliokaa kwenye pipa 11 hadi 13, mwekundu mwepesi 13 hadi 15, mwekundu mzito 16 hadi 18. Mvinyo wenye mapovu uwe 6 hadi 8. Kwa kuwa mililita 50 hupata joto upesi ndani ya glasi, mimina kila mmoja ukiwa nyuzi mbili chini ya lengo.

Njia ya kuaminika ni ndoo ya barafu na maji, nusu kwa nusu, maji yafike shingoni mwa chupa. Barafu bila maji hugusa chupa sehemu chache na huchelewa. Maji ndiyo yanayobeba baridi kuizunguka chupa yote. Chupa iliyokuwa na nyuzi 29 hufika 9 baada ya dakika 25 hivi, na mwekundu hufika 17 baada ya dakika 10 hadi 12. Kwenye friji, mweupe huhitaji saa tatu hadi nne na mwekundu saa moja na kidogo. Kipimajoto cha jikoni kikichovywa kwenye tone la kwanza humaliza ubishi. Kwa jioni nzima kilo sita za barafu zinatosha, na kwa kuwa ndoo haitegemei umeme, ukikatika saa kumi na moja kikao kinaendelea. Nunueni barafu ya mfuko uliofungwa. Ya wauza samaki ni rahisi, lakini harufu yake hushika nje ya chupa na mikononi mwa anayemimina.

Glasi, maji na hewa ya chumba

Glasi zote zifanane. Mvinyo mmoja ukiwekwa kwenye glasi pana na mwingine kwenye bilauri iliyonyooka, mtabishana kuhusu glasi. Umbo linalofaa ni tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, kama ile glasi ya kuonjea iliyowekwa kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 1977, ya mililita 215 hivi. Kwa mpango wa jozi, kila mtu anahitaji glasi mbili tu, jumla 16. Mbele ya kila mtu weka karatasi nyeupe yenye duara mbili, A kushoto na B kulia. Karatasi hiyo ni ya kuangalizia rangi pia.

Osha glasi kwa maji ya moto na tone la sabuni isiyo na manukato, suuza mara tatu, na suuzo la mwisho liwe la maji ya kunywa. Maji ya bomba yenye klorini na maji ya kisima yenye chumvi huacha alama na harufu. Zining'inie zikauke zenyewe. Zikiwekwa kifudifudi kabatini hubeba harufu ya mbao, na kitambaa cha jikoni hubeba ya kitunguu. Kabla wageni hawajafika, nusa kila glasi ikiwa tupu. Glasi safi hainuki chochote.

Chumba nacho kinuswe. Siku hiyo udi usifukizwe, hata asubuhi, maana moshi wake hukaa kwenye mapazia. Waambieni wageni mapema, kwa heshima, wasijipake marashi, wasivute sigara kabla ya kuingia, na wasipige mswaki wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Kama kuna kinachokaangwa, kikaangwe nje au baada ya kuonja. Saa nzuri ni saa kumi jioni: chakula cha mchana kimeshatulia, jua linaingia dirishani na rangi zinaonekana zilivyo. Taa za njano hufanya kila mwekundu uonekane mzee.

Kuficha chupa

Kuonja bila kujua chupa ni ipi ndilo jambo linalobadilisha kikao kuliko yote. Tarehe 24 Mei 1976 jijini Paris, majaji Wafaransa walionja kwa namna hiyo katika shindano lililoandaliwa na Steven Spurrier, mfanyabiashara wa mvinyo Mwingereza, na chupa za California zikashika nafasi ya kwanza kwa weupe na kwa wekundu, mbele ya majina makubwa ya Burgundy na Bordeaux, maeneo maarufu ya mvinyo Ufaransa. Lebo zingeonekana, ni vigumu kuamini matokeo yangekuwa yaleyale. Mvinyo wa Dodoma unastahili nafasi hiyohiyo. Wapo wanaoudharau kabla hata haujafika mdomoni, na wapo wanaousifu kwa sababu ni wa kwetu. Mfuko wa karatasi huwanyamazisha wote wawili.

Tumieni mifuko ya kaki, chupa nzima iingie, ufungwe shingoni kwa mpira. Kabla ya kufunga, ondoa karatasi yote ya shingoni, toa kizibo au kifuniko ukakifiche, maana hivyo husema siri. Umbo nalo husema: mabega ya mraba au yanayoteremka hujulikana hata ndani ya mfuko, kwa hiyo anayemimina ashike chupa mwenyewe, isipitishwe mezani. Mtu mmoja aweke chupa kwenye mifuko jikoni, mwingine ambaye hakuona aingie abadilishe nafasi ndani ya kila jozi na kuandika A na B. Hapo hakuna hata mmoja anayejua, akiwemo mwenyeji.

Kufungua na kukagua

Chupa zifunguliwe dakika 45 kabla, na mtu mmoja anuse na kuonja kijiko kimoja cha kila moja. Hapa ndipo kasoro hukamatwa, wala si mbele za wageni.

Harufu ya boksi lililoloa, gunia la chini ya ghala, au kitambaa kilichokaa na maji, ni ya trikloroanisoli, kemikali itokanayo na kizibo cha gome. Haiondoki kwa kusubiri. Kadiri mvinyo unavyopata hewa ndivyo inavyozidi. Hakuna tiba, toa pacha wa akiba. Ikiwa hafifu huenda usisikie boksi lolote ila mvinyo uonekane bubu, hauna tunda, na hii ndiyo huwapita wengi. Harufu ya yai viza au kiberiti kilichowashwa ni ya misombo ya salfa kwenye mvinyo uliokosa hewa, na hii hutibika: mimina kwenye jagi safi, rudisha kwenye chupa, subiri dakika 20. Harufu ya siki au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha ni kazi ya bakteria. Kidogo sana huvumilika, ikikuchoma pua iacheni. Mweupe uliogeuka kahawia na kunuka tufaha lililokatwa likasahaulika, umeingiwa na hewa siku nyingi.

Chembe zinazong'aa kama sukari au vipande vya kioo chini ya mvinyo mweupe, au zilizonasa kwenye kizibo, zisiwatishe. Ni fuwele za asidi ya zabibu yenyewe, hujitenga kwa baridi na hazina madhara. Mvinyo mwekundu wa miaka mingi wenye mashapo usimamishwe wima tangu jana yake na umiminwe taratibu, ukiacha sentimita mbili za mwisho.

Kizibo kikikatika, ingiza ncha ya kizibuo kwa mshazari kwenye kipande kilichobaki, sukuma kuelekea ukutani mwa shingo na uvute polepole. Kikizama, chuja kwa kitambaa kilichochemshwa bila sabuni.

Kuonja kwenyewe

Mimina jozi ya mweupe kwanza, kisha mwekundu mwepesi, kisha Syrah. Mwepesi hutangulia mzito, mkavu hutangulia mtamu; ukigeuza, unaofuata hukosa sauti. Baina ya jozi usisuuze glasi kwa maji, matone hubaki na kuzimua mililita 50 zako. Suuza kwa kijiko cha mvinyo unaofuata, zungusha, mwaga.

Sheria ya dakika nne za kimya ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo yenye faida kubwa. Mtu mmoja akisema "nasikia nanasi", meza nzima itasikia nanasi. Kila mtu aandike kwanza.

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, tazama ukingo. Nusa kabla ya kuizungusha, kisha izungushe mara tatu na unuse tena. Harufu mbili hizo hutofautiana. Vuta mililita 10 hadi 15, zigusishe mdomo mzima kwa sekunde kumi, pitisha hewa kidogo kwa midomo iliyobana, tema. Sasa jiulize maswali manne. Je, kuna utamu ulimini? Uchachu: mate yanakujaa kwa wingi gani pembeni mwa mashavu baada ya kutema? Ukakasi, huo utokanao na tanini, kemikali ya maganda na mbegu za zabibu: fizi zimekauka kama umeng'ata ndizi mbichi au bibo, au ni laini kama chai nyeusi iliyokolea kiasi? Na mwisho, ladha imebaki sekunde ngapi? Hesabu kimoyomoyo. Mvinyo wa kawaida huisha kabla ya tano, mzuri huvuka kumi.

Onja A, kisha B, kisha urudi B kwanza, halafu A. Ukakasi hujilimbikiza mdomoni, na wa pili huonekana mkali kuliko haki yake. Ukigeuza mpangilio unaona kama tofauti ni ya kweli.

Majina ya harufu yatoke jikoni na sokoni kwetu. Orodha za kigeni hutaja matunda ambayo wengi wetu hatujawahi kuyashika. Andika pasheni, pera, limau, mabungo, ukwaju, zambarau, tende, karafuu, asali, udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Anayeijua zambarau mbivu ana neno sahihi zaidi kwa mwekundu wake kuliko anayenakili jina la tunda la Ulaya.

Kwenye Syrah tafuteni pilipili manga. Watafiti wa Australia walitangaza mwaka 2008 kwamba harufu hiyo hutokana na rotandoni, kemikali ileile iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe. Takriban mtu mmoja kati ya watano hawezi kuinusa kabisa, hata ikiwa nyingi. Kwa hiyo kwenye meza ya wanane, mmoja au wawili watasema hakuna pilipili, nao watakuwa wanasema kweli. Asibishiwe, na asilazimishwe kukubali.

Maksi za 100 zinawachosha wanaoanza. Inatosha kila mtu aandike kwenye kila jozi ni ipi anayoipendelea na kwa sababu gani kwa maneno kumi, na abahatishe ipi ni ya Dodoma. Mifuko isifunuliwe mpaka jozi ya tatu imalizike. Ukifunua jozi ya kwanza mapema, majibu ya zinazofuata huegemea ulichokiona. Kikao chote kichukue saa moja na nusu, si zaidi, kwa kuwa pua huchoka.

Chakula, kisha mabaki

Wakati wa kuonja mezani kuwe na maji ya kawaida yasiyo na gesi na mkate usio na sukari, au muhogo uliochemshwa bila chumvi. Korosho za chumvi, achari na chapati za mafuta zisubiri. Chumvi hupunguza uchungu na kuusaidia mvinyo mwekundu isivyo haki, sukari hufanya kila mvinyo uonekane mchachu, na pilipili huwasha maradufu ikikutana na kileo.

Mifuko ikishafunuliwa, hayo yote yaruhusiwe. Mishkaki na nyama choma ziende na Syrah, mafuta na chumvi ya nyama hulainisha ukakasi wake. Samaki wa kupaka aende na Chenin Blanc, uchachu wake hukata uzito wa tui. Dagaa na samaki wa mafuta msiwape mwekundu, mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni. Asiyekunywa apate juisi ya ukwaju au ya zabibu kwenye glasi kama za wenzake, na asiulizwe sababu.

Kilichobaki kimiminwe mara moja kwenye chupa ndogo ya soda ya mililita 300 au 350, iliyochemshwa, kijae hadi mdomoni ili hewa isipate nafasi, kifungwe na kuwekwa kwenye friji; hata mwekundu. Hivyo hukaa siku nne au tano, wakati nusu chupa iliyorudishiwa kizibo hudumu siku mbili hadi tatu. Bandika jina la chupa na tarehe, na kesho yake saa kumi onja tena vijiko viwili ukiwa na maandishi yako ya jana mkononi.